Mzee Vénant na Mkono wa Kushoto wa Hjördis Ekvall

Ijumaa tarehe 29 Aprili 2011, saa kumi jioni, Bwana Vénant Nahimana atazima mashine za chumba namba nne cha Hifadhi ya Sauti hapa Kista, Stockholm, na kuanza kustaafu, baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili na miezi saba. Kesho yake tutakutana kwenye ukumbi wa kanisa, Vårby gård, kumuaga. Ukurasa wa Kiswidi wa programu hii ya sherehe umeandikwa na mkurugenzi. Huu wa Kiswahili nimepewa mimi, Wanjira, karani wa ofisi, kwa kuwa tangu 1997 tumekuwa wawili tu tunaozungumza Kiswahili katika jengo zima.

Mzee Vénant alizaliwa Rumonge, Burundi, mwaka 1946, akawa fundi mitambo wa redio Bujumbura. Mwaka 1972 alikimbilia Kigoma, na huko alitengeneza redio za watu kwa miaka kumi na mitatu. Alifika Uswidi mwaka 1985 pamoja na mkewe, Mama Gaudiose, na binti yao Belyse. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusafisha ofisi za Kista. Siku moja mwaka 1988 aliwakuta mafundi wetu wawili wameinamia kinasa sauti kilichogoma kuzunguka. Akaweka ndoo chini, akaomba bisibisi. Tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo aliajiriwa.

Wafanyakazi wa zamani hawajasahau kisa cha jiko. Kanda nyingi za miaka ya sabini hunata kwa uzee, na dawa yake ni kuzipasha moto mdogo kwa saa kadhaa. Kabla Hifadhi haijanunua kifaa maalumu, Mzee alitumia jiko la chumba cha chakula. Juu ya mlango wake alibandika karatasi: “Tafadhali usiguse. Kuna waimbaji ndani.” Kwa miezi miwili tulikula chakula baridi, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Lakini jambo litakalobaki na jina lake lilianza na ugomvi. Mwaka 2006 tulipewa kazi ya kuhamishia kanda elfu kumi na moja kwenye kompyuta. Agizo lilikuwa fupi: hamisha nyimbo zilizoandikwa kwenye boksi, kisha chukua kanda nyingine. Mafundi wengine walimaliza kanda ishirini kwa siku. Mzee Vénant alimaliza saba, kwa sababu kila kanda aliiacha izunguke mpaka itoke kwenye gurudumu lake, hata palipokuwa na ukimya mtupu. Februari 2007 mkurugenzi wetu, Bi Annelie Sköld, alimwandikia barua ya onyo.

Barua ile niliipeleka mimi mwenyewe, nikamsihi.

“Mzee, andika kwamba utajirekebisha. Umebakiza miaka minne tu. Wakikufukuza sasa, utakwenda wapi?”

“Dada Wanjira,” alinijibu, spika za masikioni zikiwa bado shingoni, “nikisaini kwamba kanda nimeihamisha, mtu atakayekuja kesho ataamini nimeisikia yote. Nitasaini vipi kitu ambacho sikukisikia?”

Hakuandika chochote. Nilimwona mkaidi, na nilimwambia hivyo.

Wiki tatu baadaye aliweka kanda ya mwaka 1957. Ilikuwa ya mpiga saksafoni wa Stockholm aitwaye Torvald Brink, na boksi lilitaja nyimbo tatu. Zikaisha. Ukafuata ukimya wa dakika kumi na moja. Halafu kiti kikasogezwa, na sauti ya Brink ikasema kwa Kiswidi, “Bado inazunguka? Basi nitawaonyesha jinsi Hjördis alivyoupiga huu.” Akaketi kwenye piano, ambayo hakuwa bingwa wake, akapiga kwa dakika nne. Mkono wa kulia ulikwenda kama kawaida. Wa kushoto uliingia nyuma kidogo ya mdundo, kila mara.

Mzee alikuja mezani kwangu mbio. Sijawahi kumwona akikimbia kabla ya siku hiyo wala baada yake.

“Yule mama wa barua,” alisema. “Wa Fisksätra. Mama yake aliitwa nani?”

Hapa lazima nieleze. Hjördis Ekvall alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga jazi katika mikahawa ya dansi ya jiji hili, miaka ya ishirini. Brink alikuwa kijana katika bendi yake. Hjördis alifariki mwaka 1941 bila kurekodi hata wimbo mmoja. Binti yake, Bi Gunvor Ekvall wa Fisksätra, alituandikia kila Januari kuuliza kama tumepata sauti yoyote ya mama yake. Mimi ndiye niliyemjibu, miaka tisa mfululizo: hatuna. Nilikuwa nimeihifadhi barua ya majibu kwenye kompyuta, nikibadilisha tarehe tu. Siku ile niliona aibu, na sioni sababu ya kuificha hapa.

Nilimpigia simu. Alikuja Alhamisi, mwenye umri wa miaka themanini na minne, amevaa kama mtu anayekwenda kanisani. Tulimkalisha katika studio ndogo iliyo na piano, mkurugenzi akasimama mlangoni. Mzee Vénant alimchezea kanda. Sote tulimtazama tukisubiri machozi.

Bi Gunvor alisikiliza, akakunja uso.

“Sivyo,” alisema.

Mkurugenzi alishtuka. “Si wimbo wa mama yako?”

“Wimbo ni wake. Lakini Torvald anauchelewesha mkono wa kushoto kila mahali, kama mtu anayechechemea. Mama aliuchelewesha pale tu wimbo unapogeuka. Kwingine kote ulikuwa sawa kabisa na mdundo.” Alituangalia mmoja mmoja, akaona hatujaelewa. “Nyie, nisaidieni kusimama.”

Akaketi kwenye piano. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, na mara ya kwanza alikosea, akaanza upya. Mara ya pili wimbo ukatoka mzima. Ulipofika mahali pa kugeuka, mkono wa kushoto ukasubiri kidogo, kisha ukaingia, na mimi nisiyejua lolote la jazi nikahisi mguu wangu umepiga sakafu. Alipomaliza ndipo alipolia, na kucheka pia, akisema hakuwa ameupiga mbele ya mtu tangu mama yake afariki. Akauliza kwa masikitiko kama angeweza kuurudia siku nyingine ili urekodiwe.

“Si lazima, mama,” Mzee Vénant alimwambia. “Nilibonyeza kitufe uliposema ‘sivyo’.”

Jioni hiyo Bi Annelie aliichukua ile barua ya onyo kwenye faili na kuichana mbele yetu. Jumatatu akatoa agizo jipya kwa mafundi wote: kanda isikilizwe yote. Tangu hapo tumepata vipande arobaini na viwili ambavyo havikuandikwa popote. Mwaka 2009 Hifadhi ilitoa diski yenye Brink na Bi Gunvor, mmoja baada ya mwingine, na mwaka uliofuata vijana watatu wa jazi wa hapa jijini waliurekodi wimbo ule kwa kufuata mkono wa Bi Gunvor. Jina la Hjördis Ekvall sasa limo kwenye orodha yetu, na msomaji yeyote anaweza kuliomba.

Bi Gunvor, sasa miaka themanini na minane, atakuwa nasi Jumamosi. Ameahidi kupiga piano, kwa sharti kwamba asiombwe kutoa hotuba.

Mama Gaudiose, asante kwa kutuazima mumeo miaka yote hii. Mwezi Juni wawili hawa watasafiri kwenda Rumonge kumwona dada yake Mzee, ambaye hawajaonana naye tangu 1972. Mzee Vénant, umefanya kazi yako vizuri, na hapa Kista hakuna asiyejua hilo. Mungu akupe afya, njia nyeupe na siku nyingi za raha. Dada yako akikuuliza ulikuwa ukifanya nini Ulaya, keti naye, umsimulie yote bila kuangalia saa.