Laini Iwe Wazi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuta kiti, sogea karibu na redio. Leo tunamkumbuka mzee ambaye majirani na wafanyakazi wenzake walimwita Bwana Laini. Alizikwa wiki iliyopita. Alikuwa fundi wa programu, zile za kuziwezesha kompyuta kupigiana simu. Na yeye mwenyewe ukimpigia, hukuikuta simu yake ina mtu mwingine hata siku moja. Laini yake ilikuwa wazi siku zote. Shikeni hilo, nitalirudia.

Vijana huenda hamjui. Zamani kompyuta mbili zilizo mbalimbali zilizungumza kwa simu ya waya, hii hii ya kusema halo. Katikati kilikaa kisanduku kiitwacho modemu. Kompyuta inakiamuru, chenyewe kinapiga namba, kinatoa mlio wa kukwaruza, mwenzake wa upande wa pili anajibu, basi, wameelewana. Bwana Laini aliandika amri hizo. Alitumia maktaba ya programu, yaani amri zilizokwisha kuandikwa na wengine: hii ya kufungua mlango wa waya nyuma ya kompyuta, hii ya kutuma, hii ya kupokea, hii ya kufunga.

Aliajiriwa na bohari ya dawa. Kila mchana kompyuta yake ilipiga simu tawini kuuliza dawa zipi zimepungua. Ofisini kulikuwa na laini moja ya simu. Moja tu, na modemu ilitumia hiyo hiyo.

Keshia wa bohari, mama mwenye maneno yake, alikaa meza ya pili. "Tulimtania sana," ananiambia. "Nikamwambia, shemeji, hicho kidude chako kinaumwa jino, kipeleke kikang'olewe! Tukacheka mpaka machozi." Bwana Laini naye akacheka. Akaandika amri moja fupi ya kuizima modemu sauti. Na kwa kuwa sasa ilikuwa bubu, akaisukuma nyuma ya kabati.

Nyumbani alikuwa na mke na binti mdogo. Mke alikuwa na pumu. Kwa hiyo alimfundisha binti namba ya ofisi kwa kuiimba, baba na mwana, hadi mtoto akaishika. "Mama akibanwa, unampigia nani?" "Baba!" Akamfundisha na adabu ya simu. Ukisikia tu-tu-tu, baba anaongea na mtu. Weka simu chini, subiri. Mtoto mzuri hamkatizi mtu mzima.

Binti huyo leo ni fundi miwani, naye ni mama. Nilimkuta sebuleni kwa marehemu baba yake, simu ya waya iko kwenye stuli pembeni yake. Niliogopa kumuuliza. Akaanza mwenyewe.

"Mama alibanwa jikoni. Dawa yake ya kuvuta aliitikisa, haikutoa kitu. Nikapiga. Tu-tu-tu. Nikamwambia, mama, baba anaongea na mtu. Nikasubiri. Nikapiga tena. Tu-tu-tu. Nikasubiri tena. Sikukimbilia kwa jirani. Niliambiwa nisubiri, nikasubiri."

Fundi cherehani wa nyumba ya pili alikuja kuleta gauni alilolirekebisha. Alimkuta mama sakafuni, ameshakata roho. Mtoto amekaa kitako kando ya simu, mikono mapajani, na adabu zake zote.

Wasikilizaji wapendwa, tangu siku ile binti alikua na swali moja. Baba alikuwa akiongea na nani? Na pembeni ya swali hilo, donge: kwamba kama angekimbia kwa jirani, mama angekuwa hai. Aliuliza mara moja tu, akiwa msichana mkubwa, baba yake anapiga pasi.

"Baba, siku ile ulikuwa unaongea na nani?"

Pasi ilikaa juu ya shati hadi likaanza kutoa moshi.

"Ilikuwa ya kazi, mwanangu."

"Ningekimbia kwa jirani, baba."

"Usiseme hivyo," akasema. Akaiinua pasi.

Bwana Laini alikuwa ameshaacha bohari. Alijifungia chumba cha nyuma na modemu mbili mezani, akaandika maktaba yake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Maktaba za wengine zilisifiwa kwa kupiga simu haraka. Yake ilisifiwa kwa kukata. Kwanza inanyamaza kidogo. Kisha inaiamsha modemu isikilize. Kisha inaiamuru ikate. Halafu haiamini! Inachungulia yenyewe kama kweli laini imeachwa. Ikiona bado, inaanza upya. Wenye viwanda waliichukua, wenye maghala waliichukua. Wakamtania: "Bwana Laini, simu ilikufanya nini wewe?" Hakucheka.

Dunia ikageuka. Modemu zikatupwa, mawasiliano yakapata njia nyingine, hakuna tena aliyehitaji programu hodari ya kukata simu. Yeye aliendelea. Kila mchana modemu zake mbili zilipigiana na kukata, zikapigiana na kukata, na yeye akizikagua.

Binti aliolewa mbali. Akipiga simu, baba anaipokea kabla haijaita mara ya pili. "Hujambo? Watoto hawajambo? Haya mwanangu, tukate, laini iwe wazi." Basi. Hivyo hivyo, mwaka nenda mwaka rudi.

"Nilijua hanitaki," binti anasema. "Nilijua ananilaumu kwa ajili ya mama. Mtu anayekupenda hakukatii simu kila siku."

Siku ya mazishi, keshia alikuja na fimbo yake, akamshika binti mkono, akamvuta kando.

"Mwanangu, baba yako alikwambia?"

"Aliniambia nini?"

Mama yule akakaa chini. Akaeleza, nami naeleza kama alivyoeleza. Mchana ule kompyuta ya tawini iliganda katikati ya mazungumzo. Programu ya Bwana Laini ikasubiri, ikachoka, ikafunga mlango wa waya, ikaandika kwenye skrini: Simu imekatwa. Lakini haikuwa imeiamuru modemu ikate. Zamani modemu ingekata yenyewe mlango ukifungwa. Ila waya wa mlango huo ulikuwa umelegea, modemu ikadhani umefungwa, simu zikawa zinakatika ovyo, basi Bwana Laini akaiamuru isijali mlango. Alisahau alichokiamuru. Modemu mbili, ya ofisini na ya tawini, zikabaki zimeshikilia laini, kimya, taa nyekundu inawaka nyuma ya kabati.

"Hakuwa akiongea na mtu," keshia alisema. "Alikuwa amekaa, anakunywa chai, ananisimulia habari zako. Simu iko mezani, mkono ukinyoosha unaifikia. Na mimi ndiye niliyemcheka akaizima sauti. Aliniapisha. Akasema, nitamwambia mwenyewe akikua. Ukakua. Akasema, akiolewa. Ukaolewa. Akasema, akizaa."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mzee huyu kimemuumbua akiwa kaburini, na aliyebaki na maumivu ni mwanawe.

"Angeniambia tu," binti ananiambia, halia, macho makavu kabisa. "Nilidhani ni mimi. Maisha yangu yote nilidhani ni mimi. Na yeye yuko chumba cha nyuma anafundisha mashine kukata simu."

 

Kwa binti, kwa wajukuu, kwa keshia ambaye najua anatusikiliza: poleni. Poleni sana. Mwenyezi Mungu awape nguvu. Na wewe uliye na neno umelikalia, la mtoto wako, la mzazi wako, unangoja akue, unangoja aolewe, unangoja siku nzuri. Uliye naye leo yuko hai. Mwambie. Mimi nakuomba hilo tu.

Nilipoinuka kuaga, binti alitoa simu yake ya mkononi, akapiga namba ya nyumba ile ile tuliyokaa. Simu ya waya ikaanza kuita pale kwenye stuli. Nikanyoosha mkono niipokee, maana ndiyo desturi, simu ikiita inapokelewa.

"Iache," akasema.

Tukaisikiliza. Iliita, ikaita, ikaita. Laini ilikuwa wazi.