Clermont Castonguay, Aliyeng'oa Magurudumu ya Safu ya Nane (1944–2019)

Mama ameniomba niandike kwa upole. Nitajaribu. Padri naye alinipa ukurasa mmoja tu wa karatasi ya misa, nami nimeshaupita, kwa hiyo nivumilieni kama mlivyomvumilia yeye.

Baba yetu mpendwa, Clermont Castonguay, alizaliwa Alhamisi tarehe 2 Machi 1944 katika nyumba ileile aliyofia, barabara ya Safu ya Nane, hapa Saint-Gélas, akiwa mtoto wa saba kati ya kumi na mmoja wa marehemu Ludger Castonguay na marehemu Alphonsine Pelletier. Siku hiyo theluji ilifika madirishani. Mkunga aliondoka kijijini asubuhi kwa sleji, kigari cha kuteleza kinachovutwa na farasi, akafika jioni, mtoto keshazaliwa, keshaogeshwa, kalala. Baba aliisimulia hadithi hiyo kila Krismasi, na kila Krismasi aliimalizia vilevile: "Farasi angekuwa na mikanda ya mpira badala ya kwato, mkunga angewahi." Mwishowe tukawa tunaisema pamoja naye, tumechoka, midomo imejaa pai.

Alisoma katika shule ya Safu ya Nane, chumba kimoja na jiko moja la kuni, kuanzia 1950 hadi 1958. Mwalimu wake, Bi. Laurentia Morin, aliandika katika ripoti ya mwisho, ambayo Mama anayo mpaka leo: "Ana akili. Haambiliki." Kwa kweli wasifu huu ningeweza kuumalizia hapo.

Akiwa na miaka kumi na minne alikwenda kambi ya wakata magogo, na huko ndiko alikopatwa na ugonjwa wake wa kwanza, ule usio na dawa. Aliona mashine ikitembea juu ya theluji kwa mikanda mipana ya mpira, kama katapila, wakati magari ya magurudumu yamezama mpaka milangoni. Basi, akili ikahamia huko. Kuanzia siku hiyo, akiona gurudumu, anaona kosa la kusahihisha. Aling'oa magurudumu ya lori dogo la babu akafunga mikanda. Akang'oa ya trekta. Mwaka 1976 aling'oa ya kigari cha kubebea watoto, mimi na kaka yangu Yvan tukaenda nacho kanisani watu wakitukodolea macho. Mama alimwambia, "Clermont, siku utakayogusa cherehani yangu, nakwenda kwa mama yangu." Cherehani haikuwa na magurudumu, lakini Mama alikuwa anamjua mtu wake.

Alifunga ndoa na Gemma Bérubé Jumamosi tarehe 28 Desemba 1968 katika kanisa hilihili. Ndugu zake walimsihi amchukue bibi harusi kwa sleji, kama watu. Thubutu! Alikwenda kumchukua kwa lori la mikanda. Mbele ya kanisa akapiga kona kali ili watu waone, mkanda wa kulia ukachopoka, na Mama akakaa ndani ya lori saa nzima na shela lake huku bwana harusi amelala chini ya gari. Picha pekee ya siku hiyo iliyotoka vizuri inamwonyesha Mama mlangoni mwa lori, na chini yake viatu viwili vyeusi vya harusi vinavyochungulia kwenye theluji. Mama ameiweka sebuleni. Anasema ndiyo inayofanana na Baba zaidi.

Nisiseme uongo mbele ya jeneza: kazi yake ilitufaa. Mwaka 1994 halmashauri ya kijiji iliacha kusafisha theluji kuanzia darajani kwenda juu, ikatuambia nyumba kumi na moja za Safu ya Nane tuhamie kijijini. Baba alisimama katika mkutano akasema, "Barabara tunayo. Ni nyeupe tu." Kila Novemba magari yetu yalipanga foleni uani kwake, yakaingia na magurudumu yakatoka na mikanda, kila Aprili yakarudishiwa magurudumu. Alilipwa kwa pai za nyama, maharage na chupa za sharubati ya miti ya sukari, na kwa maneno mengi ya watu waliochoka kusubiri, kwa kuwa hakuna gari lililotoka mikononi mwake kabla yeye hajaridhika. Jirani yetu Fernand Dubé alimngoja siku nne. "Clermont, nina ng'ombe wa kukamua!" "Wakamue. Wao wana miguu."

Alikuwa na sheria zake, na ole wako uzivunje. Usiegeshe gari la mikanda kwenye theluji iliyoyeyuka. Weka mbao chini kwanza. Februari 1987 Yvan alisahau mbao. Asubuhi mikanda yote minne imegandamana na ardhi. Akaona aibu kumwambia Baba, akaimwagia maji ya moto ndoo sita. Maji nayo yakaganda. Gari lilikaa pale siku tisa kama sanamu ya mtakatifu, na Baba akawa anawaleta majirani walione. Yvan sasa anaishi mbali, Edmonton, na anasema alihamia huko kwa ajili ya kazi.

Lakini lililonitoa roho mimi ni kipimo. Mkanda ukilegea, unachopoka ukipiga kona. Ukikazwa mno, unakula beringi. Kazi yote iko katika ile skrubu ya kukazia, na kipimo chake Baba alikiweka kichwani na mikononi, hakukiandika popote, hakumfundisha yeyote. Mimi ni muuguzi wa kuzungukia majumbani. Kwa miaka ishirini nimepanda Safu ya Nane nikiwa juu ya mikanda aliyoikaza yeye, na kila nilipomwambia, "Baba, nifundishe," alijibu, "Wewe shika sindano zako."

Mwaka 2016 mapafu yake yalianza kushindwa. Daktari alimkataza baridi, moshi na kulala chini. Sikio la kufa halisikii dawa. Niliwahi kumkuta karakana, Januari, kalala juu ya katoni chini ya gari la posta, mpira wa oksijeni puani. Nilimfokea mpaka sauti ikakauka. Akaniambia, "Umemaliza? Nipe spana ya kumi na tisa." Na mimi, mjinga, nikampa.

Novemba mwaka jana hakuweza tena kutoka kitandani. Magari yalisimama uani, theluji ikaanza. Nikaketi pembeni yake nikamwambia leo hatoki mtu hapa.

"Unapimaje?"

"Unainua gari kwa jeki. Halafu chini, kati ya mkanda na kigurudumu cha katikati, vidole viwili viingie."

"Viwili tu?"

"Viwili. Kwani unataka nikuandikie kitabu?"

Nikafunga mikanda ya gari langu. Nikapima vidole viwili, vimeingia barabara. Jumanne tarehe 4 Desemba nikapanda na dawa ya sukari ya Bibi Imelda Dubé, mama yake Fernand, nyumba ya mwisho kabisa. Kilomita mbili kabla ya kufika, beringi ikapasuka kwa kishindo. Nikatembea kwa viatu vya theluji, dawa nimeificha kifuani isigande. Jioni nikaingia chumbani kwa Baba nimeshika ile beringi.

"Umekaza mno," akasema.

"Vidole viwili, Baba! Viwili!"

"Vidole vya nani?"

"Vyangu! Nitumie vya nani?"

Akainua mkono wangu, akautazama, akacheka mpaka Mama akaja mbio akidhani anakata roho. "Hivi? Hivi ni vijiti vya kuchokolea meno, binti yangu."

Siku tano baadaye alilazwa mjini. Daktari alituita mimi na Mama akasema ukweli wake: zimebaki wiki chache. Baba akasema anataka kufia nyumbani kwake. Daktari akasema sawa, kwa sharti moja: muuguzi amfikie kila siku, theluji isiwe kisingizio. Muuguzi ni mimi. Fundi wa mikanda ni mgonjwa mwenyewe. Nikashindwa kujua nilie au nimpige teke mtu. Maisha yake yote amewafikisha wengine, halafu kwa ukaidi wake tu asirudi kwenye kitanda chake!

Jioni ile nikatoa rula mkobani, nikadhani kalala, nikaiweka taratibu juu ya vidole vyake.

"Unanipimia jeneza?"

"Napima vidole."

"Kwa rula?"

"Kwa rula, ndiyo."

Akafumba macho kama mtu aliyeaibishwa mbele ya kijiji kizima. "Usimwambie Fernand," akasema.

Vyangu ni sentimita tatu. Vyake nne na nusu. Miaka hamsini ya siri, jamani, sentimita nne na nusu! Nikaiandika ukutani karakana kwa rangi nyekundu, nikakaza mikanda yote minne peke yangu, siku tatu, na Ijumaa tarehe 21 Desemba ambulensi ikatufikisha darajani. Kutoka hapo nikamleta mwenyewe, amekaa mbele, blanketi tatu na mtungi wa oksijeni. Hakunishukuru. Alitega sikio njia nzima. "Pua ya mkanda wa nyuma, ile ncha ya mbele, iinue kidogo tukifika." "Kona hiyo polepole." "Unaendesha kama baba yako." Tukafika. Mikanda haikuchopoka, beringi haikulia, na usiku huo alilala kwenye kitanda chake.

Kwa mwezi mzima nilifika kila siku. Kila siku, kabla hata sijavua koti, ananiambia amesikia nini dirishani wakati nikiingia uani. Siku moja kulia, siku nyingine nyuma. Nilikuwa nakwenda, napima, narudi, namwambia iko sawa, naye anaguna. Sikuwahi kusikia "umefanya vizuri". Nilingoja, nakiri. Nina miaka arobaini na mitano na nilingoja kama mtoto wa shule.

Jumatano tarehe 23 Januari 2019, saa nne asubuhi, nilifika nikamkuta pumzi ni fupi mno. Mimi ni muuguzi, nilijua. Nikavuta kiti nikamshika mkono.

"Kushoto mbele," akasema. "Umelegea."

"Baba, si sasa."

"Nimesikia. Nenda."

"Haujalegea! Nimepima jana."

"Marlène. Utamfikiaje Imelda? Nenda."

Nikakasirika. Nikatoka kwa hasira, nimeubamiza mlango, Mungu anisamehe. Nikapiga jeki, nikaingiza rula. Nne na nusu. Nikapima tena. Nne na nusu. Mara ya tatu nikavua glavu nikahakikisha kwa kidole, kikanata kwenye chuma kwa baridi. Ulikuwa sawa kabisa. Nikarudi ndani mikono ina grisi, nimeshaandaa maneno ya kumwambia, nikamkuta Mama ameshamfumba macho.

"Alisema nini?" nikamuuliza.

"Hakusema kitu. Alikuwa anakutazama dirishani. Ulivyoinama na rula yako, alikutazama mpaka mwisho."

Kama sikio lilimdanganya, au alitaka nitoke, au alitaka tu kuniona nikifanya kazi yake, sijui, na nina hasira naye mpaka sasa hivi ninaposoma haya. Mkono wake nilikuwa nimeushika. Ningeendelea kuushika.

Amengoja katika nyumba ya maiti nyuma ya kanisa tangu Januari mpaka ardhi iliyoganda ilipokubali jembe, na leo Jumamosi tarehe 11 Mei 2019 tunamlaza kando ya wazazi wake. Ameacha mjane, Gemma, aliyeishi naye miaka hamsini na siku ishirini na sita, na Mama anasema zile siku ziandikwe. Ameacha watoto wawili, Yvan na mimi; wajukuu wanne; dada yake Rolande; Bibi Imelda, ambaye hajakosa dawa yake hata siku moja; na nyumba kumi na moja za Safu ya Nane, ambazo naziomba zilete magari yao mapema Novemba, kwani mimi nami nina kazi nyingine.

Baba, wa kushoto mbele ulikuwa sawa. Pumzika kwa amani.