Mgeni Rasmi, Usituambie "Tumekaribia": Risala ya Wabeba Machela wa Lusegwa

Mgeni rasmi, Dokta Josephina, bingwa wa mishipa ya fahamu, uliyepanda mpaka huku na wenzako wa kambi ya matibabu. Mwenyekiti wa Kijiji. Sista Grace wa zahanati yetu. Mwalimu Ignas wa kisomo cha jioni. Wazee wetu, shikamooni. Na ninyi nyote mliojaa uwanjani hapa: asalamu aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo.

KARIBU

Sisi wanachama wa kikundi cha wabeba machela wa kitongoji cha Lusegwa, kule juu ya Kinole, tumeshuka hapa zahanati kukukaribisha kwa moyo mweupe. Tumesikia gari lako lilinasa kwenye tope pale kona ya msikiti, ukashuka ukatembea. Pole sana, daktari. Wengine wangegeuza. Mama mmoja aliyekuona unapandisha, viatu mkononi, alisema, "Huyo sasa ni wa kwetu," na sisi tumelichukua neno hilo kama lilivyo.

Tumekuandalia mdalasini wa mlima huu, na fenesi moja limeshapelekwa garini kwako pale kona. Kama harufu yake itakutangulia kufika nyumbani kwako, utusamehe.

HISTORIA YETU

Mgeni rasmi, Lusegwa gari halifiki. Bodaboda hufika kiangazi, tena dereva awe na roho ngumu. Mama aliyeshikwa na uchungu, mzee aliyeanguka mkarafuu, mtoto mwenye homa kali, wote hushuka kwa machela: mianzi miwili, turubai katikati, watu wanne mabegani, na wengine nyuma wa kupokezana. Kazi hii tulirithi kwa baba zetu. Mwenyekiti wetu wa sasa ni Mzee Hatibu. Wanawake tumo pia, na mvua ikichachamaa mabega yetu hayaulizwi ni ya nani.

Kazi ina taratibu zake. Wa mbele kulia ndiye mwita njia. Walio nyuma hawaoni wanapokanyaga, kwa hiyo yeye huwaitia: "Jiwe! Mzizi kushoto! Utelezi, taratibu!" Wa nyuma huitikia na miguu hufuata sauti. Mwita njia akiwa mzuri, mgonjwa anaweza hata kusinzia.

Utaratibu wa pili tunaomba uukumbuke, maana ndio uliotuleta mbele yako. Aliyelala kwenye machela haambiwi umbali. Akiuliza, "Jamani, tumefika wapi?" jibu ni moja: "Tumekaribia." Hata kama ndiyo kwanza tumeiacha nyumba ya mwisho. Wazee walitufundisha kwamba mgonjwa akijijua yuko mbali moyo wake hutangulia kuchoka, na aliyechoka moyo huwa mzito mabegani. Kwa hiyo tumesema "tumekaribia" miaka yote, kwa sauti ileile ya kumwambia mtu habari za asubuhi.

MAFANIKIO

Tunamshukuru Mungu, wengi waliobebwa na kikundi hiki wamerudi kwa miguu yao. Akina mama walioshuka wawili katika mwili mmoja wamerudi na watoto mgongoni.

Tutataja mmoja, Glory, mke wa fundi seremala. Tulimshusha masika, njia yote inateleza. Mwita njia siku hiyo alikuwa Rehani, aliyekuwa bora kuliko wote tuliowahi kuwa nao. Tulipofika mteremko wa mawe, Glory akasema kutoka kwenye turubai, "Rehani, ukiniangusha mtoto nampa jina lako, akue nalo kama adhabu."

"Basi msukume taratibu shemeji," Rehani akamjibu, "nisije nikapata wajina kabla ya wakati."

Tulicheka. Hatukuwa tumemaliza kucheka mkono wa Rehani ulipoachia mwanzi. Hakuteleza wala hakujikwaa. Vidole vilifunguka tu. Amosi, aliyekuwa akimfuata, aliudaka mwanzi kwa bega na machela haikugusa chini. Glory alijifungua salama kwa Sista Grace, akampa mtoto jina la Rehani, akasema si adhabu tena, ni shukrani kwa sababu hakuangushwa. Ndiye yule pale mbele, mgeni rasmi, anayekula ndizi uliyowekewa wewe.

CHANGAMOTO

Risala nyingi zina changamoto nyingi. Yetu leo ni moja, nayo ni huyo Rehani mkubwa. Amelala pale kwenye machela, pembeni ya meza ya dawa. Ni mume wa katibu anayekusomea. Nilimwomba Mzee Hatibu amteue msomaji mwingine. Akasema, "Soma wewe, Maimuna. Ukikwama tutakungoja. Si tumezoea kupokezana?"

Baada ya siku ya mteremko, mkono ulizidi. Rehani ni mchuna mdalasini, na kisu kikawa kinamtoka mkononi. Nyama iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada ikabonyea. Misuli ya bega ikawa inachezacheza yenyewe chini ya ngozi, hata akiwa amelala. Ukimgusa anahisi, ukimfinya anakuambia acha. Hisia zipo, nguvu ndizo zinaondoka. Kisha mguu. Kisha ulimi ukaanza kuwa mzito, na sokoni Kinole wakawa wanamwambia, "Kaka, leo umeianza mapema." Rehani ni Mwislamu ambaye pombe hajaionja. Alikuwa anatabasamu, anapita. Wengine walisema amerogwa na waliomwonea wivu wa sauti yake.

Tulimshusha hadi Morogoro mjini, tukaelekezwa Dar es Salaam, kwenye hospitali kubwa. Huko walimfanyia kipimo cha neva. Walimpitishia umeme mdogo kwenye mikono na miguu, wakamchoma sindano nyembamba kwenye misuli, na mashine ikawa inanguruma kila akikaza. Alipigwa pia picha ya shingo ndani ya lile bomba, kuona kama mfupa unabana kitu. Tulipoulizia picha hiyo tuliambiwa shingo haina neno.

Siku ya majibu daktari alitoka mlangoni, akauliza, "Ndugu wa mgonjwa ni nani?" Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye mpwa, kwa hiyo aliinuka Mzee Mansuri, mjomba wake Rehani. Wakaingia wawili. Sisi tukabaki kwenye benchi, Rehani katikati.

Mzee Mansuri alipotoka, Rehani alimuuliza, "Mjomba, wamesemaje?"

Mzee akamshika bega. "Tumekaribia, mpwa wangu."

Mgeni rasmi, Mzee Mansuri alibeba machela ujana wake wote. Neno lilimtoka kwa mazoea na kwa huruma. Lakini alimwambia mtu ambaye naye amelisema kwa kila aliyemshusha mlima huu. Rehani hakuuliza tena, wala pale, wala kwenye basi. Tulipofika nyumbani ndipo aliponiambia, "Mama Mwanaasha, lile neno nalijua. Huwa tunalisema sana njia ikiwa ndefu."

Baadaye tulimbana Mzee Mansuri. Akasema hata yeye hakupewa neno zima. Aliambiwa inawezekana ni ugonjwa wa kufa kwa zile neva zinazopeleka amri kwenye misuli, na inawezekana si huo, mrudi baada ya miezi kadhaa mpimwe tena. Akaona aibu kuuliza zaidi. Tuliporudi, daktari yule alikuwa amehamishwa. Aliyekuwepo alisema tusiwe na wasiwasi, tuendelee na vitamini. Mwalimu Ignas ametusomea karatasi za kipimo kwa Kiswahili, maneno tumeyapata yote. Maana yake ndiyo hajaweza, na yeye amekiri hivyo, Mungu ambariki.

Hivyo ndivyo tulivyo. Kila tunayemuuliza anatuambia tumekaribia.

MAOMBI

Risala zote za huku huomba barabara. Ombi hilo tumemwachia Mwenyekiti wa Kijiji, analijua kwa moyo, na atalisema hata usipomuuliza.

Ombi letu la kwanza: majibu ya kipimo tumekuja nayo, na picha tumekuja nayo. Tunaomba uyasome leo, umpime mwenyewe, kisha umwambie Rehani. Usimwite mjomba kando. Mzee Mansuri mwenyewe ametutuma tuseme hivyo. Kama ni ugonjwa huo, utaje jina lake, na useme unapita wapi na wapi. Kama bado hakuna anayeweza kujua, tuambie hivyo, na utuambie ni nini kitakachotujulisha. Na kama ni kitu kingine chenye dawa, tutambeba popote utakapotaja. Kufurahi pia tunajua, daktari, tusije tukaonekana tumekuja kuomba msiba.

Anataka kujua kwa sababu ya sauti. Tumesikia ugonjwa huo hufika kwenye sauti ukaimaliza. Kila jiwe la njia yetu liko kichwani mwa Rehani, na kama sauti inaondoka anataka kumfundisha Amosi sasa, akiwa bado anaeleweka, asisubiri kupona kwanza. Tena tuna binti, Mwanaasha, ndiyo anaanza kusema. Kuna maneno ambayo yeye na baba yake wanayatamka sawasawa, nusunusu, wakaelewana wao kwa wao. Baba anataka kumwambia mambo fulani, na anataka kujua kama ayaseme mwaka huu.

Ombi la pili: kama hakuna dawa, tufundishe. Maji yanampalia. Alazweje ili apumue vizuri? Alishwe nini? Akipaliwa tumfanyeje? Sisi ni watu wa kubeba, tukionyeshwa pa kushika tunashika.

Ombi la tatu si letu peke yetu. Kule Matombo yupo mwalimu mwenye mkono kama huu, naye ameambiwa asubiri. Tunaomba bingwa wa neva awe anafika hata mjini Morogoro mara kwa mara, ili mtu asipoteze nguvu zake zilizobaki akizifuata Dar es Salaam.

KUHITIMISHA

Mgeni rasmi, asubuhi hii tulimleta Rehani kwa machela ileile. Mwita njia alikuwa Amosi. Hatujaenda mbali, Rehani akauliza, kwa sauti yake ya sasa ambayo inabidi usogeze sikio, "Amosi, tumefika wapi?"

Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Amosi alitembea kidogo, kisha akasema, "Bado, kaka. Mto hatujauona. Mteremko wa mawe uko vilevile, wote."

Kwenye machela yetu neno hilo halijawahi kusemwa. Sisi wa nyuma tulikaza mabega, tukamngoja awe mzito.

Rehani akasema, "Basi nishusheni mpumzike. Mnahema kama mbuzi."

Tukamshusha. Tukanywa maji, yeye tukampa kwa kijiko. Kisha akasema twendeni, tukamwinua, na alikuwa na uzito wake uleule. Pale kwenye mteremko wa mawe alianza mwenyewe kuita njia akiwa amelala chali, haoni ila mbingu na majani. Amosi alikuwa anayarudia maneno kwa sauti kubwa ili wa nyuma tusikie. Hakukosea jiwe hata moja.

Kwa hiyo atakapokuuliza leo tumefika wapi, tunakuomba, daktari, mtajie mto. Mtajie mteremko. Sisi tupo, mabega tunayo.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na wenzako, ayape macho yenu kuona na ndimi zenu ujasiri wa kusema. Mshuke na njia kavu, mkawakute wa nyumbani kwenu wazima.

Ni sisi, Wabeba Machela wa Lusegwa.
Imesomwa kwa niaba yao na Maimuna, katibu.