Pengo la Kiganja Kimoja

Akina mama majirani, na ninyi mliotoka Saida tangu alfajiri, marehemu Rasmiya Dawud Hamdan alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika kijiji cha Ain Sarris, Galilaya, mtoto pekee wa Bwana Dawud na Bi Thurayya, na mwezi Mei 1948 aliingia Lebanoni kwa miguu akiwa ameshikilia gauni la mama yake, gauni jeusi lililokuwa halijamalizwa kudariziwa, lenye pengo la kiganja kimoja katikati ya kifua, mahali panapokaa pambo la kutambulisha kijiji.

Alisoma katika shule ya mahema hapa hapa katika kambi ya wakimbizi ya Burj el-Barajneh, kuanzia Oktoba 1950 hadi Juni 1956, akaacha alipofiwa na mama yake, aliyeondoka bila kumwonyesha pambo lile, maana kila alipoulizwa alisema atalimaliza wakirudi nyumbani.

Tarehe 9 Juni 1961 alifunga ndoa na marehemu Nayef Shraim, fundi mwashi, wakajaliwa watoto watatu, wawili kati yao wako Denmark na hawakupata njia ya kufika leo. Kuanzia mwaka 1969 hadi macho yalipomchoka mwaka 2011 alikuwa katika chama cha wadarizi, akawafundisha wasichana mapambo ya vijiji vya watu wengine, la kwake asilijue. Alimtafuta kila mzee wa Ain Sarris aliyesikia yu hai, mmoja akamwambia pambo ni mti wa mberoshi uliosimama, mwingine akaapa ni mberoshi uliopinduliwa, na Bi Hijaziya wa Amman, aliyekuwa na uhakika na aliyekataa kulieleza kwa simu, alifariki wakati marehemu bado anasubiri kibali cha kusafiri kwenda kwake.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2018. Alipolazwa mara ya mwisho, binti yake mkubwa Ibtihaj, ambaye ndiye anayewasomea, alitaka kumfurahisha, akaliziba pengo kwa mberoshi uliosimama, wa uzi mwekundu, akampelekea gauni wodini. Marehemu alilipapasa, akasema, "Fumua, mwanangu. Hapo hapakuharibika, hapo panasubiri."

Binti akamuuliza, "Mama, nani amebaki wa kutuambia?"

Binti alifumua kwa siku tatu, nyuzi zikatoka, matundu ya sindano yakabaki, na tarehe 3 Novemba 2019, saa nane mchana, uzi wa mwisho ukiwa mkononi mwa binti, marehemu alikata roho. Amezikwa kwa sanda nyeupe kama wenzake wote, gauni limebaki kitandani, na binti hajui alifanyie nini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu Umm Ghazi aliyetupikia dengu na wali siku zote hizi, na wadarizi wenzake, hasa mlioleta nyuzi nyekundu kwa nia njema, tumezipokea, ila hatutazitumia kuliziba pengo.

Mama, pumzika kwa amani, pengo lako nimeliacha wazi, nisamehe matundu.