Herufi Moja Iliyomfanya Bi Rudufu Awe Mwalimu

Ifikapo tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, Bi Rudufu atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku kumi na moja ya utumishi katika chuo chetu cha ualimu. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Ofisi ya utumishi ilikuwa imeandika siku tisa. Akaenda na barua yake ya ajira, akazidai siku zake mbili, akapewa.

Alikuja hapa akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, ana cheti cha kupiga chapa na viatu vya kuazima. Aliajiriwa kwa miezi mitatu tu, ashike nafasi ya mpiga chapa aliyekwenda kujifungua. Yule dada alijifungua salama, mumewe akahamishwa kikazi, naye akamfuata. Miezi mitatu ya Bi Rudufu ikaanza kuzaa.

Chumba chake mnakijua: cha mwisho kwenye ukumbi mrefu, baada ya stoo ya madawati mabovu, chenye dirisha dogo la kupokelea kazi. Zamani hizo ndani kulikuwa na taipureta mbili na mashine ya kurudufu ya kuzungusha kwa mkono. Wino wake ulikuwa haubanduki vidoleni, na wanachuo waliokula naye meza moja walisema hata chapati yake ina namba ya ukurasa. Ndio hao waliompa jina. Leo kuna kompyuta na fotokopi, lakini jina halikustaafu na mashine, na mwenyewe huitika akiitwa hivyo hata sokoni.

Majira ya mitihani, huyu mama aliyekuwa mpole kama pamba aligeuka komeo. Alisukuma kabati la chuma hadi mlangoni na hakuingia mtu. Mkuu wa Chuo mmoja, mgeni kazini, alikwenda dirishani akaomba aone mtihani mapema, aukague tu. Bi Rudufu alimjibu kwa heshima zote: "Mheshimiwa Mkuu, mtihani huonekana siku ya mtihani. Karibu sana siku hiyo." Mkuu alirudi ofisini kwake, na inasemekana alicheka hadi akavua miwani. Katika miaka yote hii, hakuna hata swali moja lililovuja kutoka chumba kile.

Lakini tusijidanganye kwamba hakuwahi kukosea. Alikosea mara moja, na kosa lenyewe ndilo sababu ya makala haya.

Miaka ishirini na minne iliyopita, somo la Misingi ya Elimu lilifundishwa na mkufunzi tuliyempa jina la Mzee Madhumuni, kwa kuwa hakuweza kumaliza sentensi mbili bila neno hilo. Madhumuni ya somo, madhumuni ya ubao, madhumuni ya kengele. Muhtasari wake ulianza hivi: "Elimu ni mchakato wa kurithisha maarifa, stadi na maadili kutoka kizazi kimoja hadi kingine." Bi Rudufu alipouchapa, kidole kilimteleza herufi moja, na kurithisha ikawa kuridhisha. Maarifa yakawa hayarithishwi tena, yanaridhishwa. Muhtasari ukagawiwa. Mwaka uliofuata ukarudufiwa tena, na uliofuata, hadi miaka sita.

Wanachuo tuliukariri kama ulivyo. Kwenye mtihani tuliumwaga kama ulivyo. Na Mzee Madhumuni, ambaye macho yake yalishazoea sentensi ile kama mtu anavyozoea ngazi za nyumbani kwake, aliuwekea alama ya vema, mwaka baada ya mwaka. Hayo yote yalitokea huku ukutani kwenye bwalo kukiwa na maandishi makubwa ya buluu: KUULIZA SI UJINGA.

Mwaka wa sita akaja msahihishaji kutoka nje. Alisoma vitabu vichache vya majibu, kisha akaandika chini ya ripoti yake kwa wino mwekundu: je, katika chuo hiki maarifa huridhishwa kwa utaratibu gani? Mzee Madhumuni alifungua kabati, akapekua karatasi zote sitini na mbili. Arobaini na saba walikuwa wameandika kuridhisha. Waliobaki hawakujibu swali hilo kabisa. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa wale arobaini na saba, na alipata alama nzuri.

Mzee alitembea ukumbi mzima hadi dirisha la mwisho, na sauti yake ilimtangulia. Kesho yake Bi Rudufu aliitwa mbele ya kikao cha uongozi. Halikuwa jambo dogo. Alikuwa na watoto watatu shuleni, mumewe ni fundi saa mwenye meza moja barazani, na mwaka ule chuo kilikuwa kinatafuta watu wa kupunguza. Wapo waliodhani amekwisha.

Aliingia na jalada mkononi. Alikuwa akihifadhi mswada wa kila kazi aliyowahi kuchapa, na hata ule wa Mzee Madhumuni ulikuwamo, umeandikwa kwa mkono, herufi zinasomeka vizuri. Angeweza kuuchana usiku wa jana yake, aseme haukuwa ukisomeka. Aliuweka mezani, akasema kosa ni lake na analibeba. Kisha akaomba ruhusa aulize swali moja.

"Miaka sita," alisema, "wamepita hapa walimu watarajiwa zaidi ya mia tatu. Mimi ni mpiga chapa, niliishia darasa la saba. Lakini hivi kweli katika wote hao hakukuwa na hata mmoja wa kuuliza maarifa yanaridhishwaje? Na hao ndio tunawapa watoto wetu?"

Haya tulisimuliwa na katibu wa kikao. Mzee Madhumuni alikuwa anatazama mswada wake. Iliamuliwa Bi Rudufu apewe barua ya onyo, akaenda kuichapa mwenyewe kwa sababu mpiga chapa wa chuo ni yeye, kisha akaisaini.

Siku ya pili yake Mzee alirudi dirishani, safari hii polepole. Akaomba aingie, akaketi juu ya katoni ya karatasi, akauliza: "Na wewe mama, ungeulizwa elimu ni ya nini, ungejibuje?" Bi Rudufu alimwambia asubiri, kwani hajawahi kuulizwa. Alisubirishwa wiki mbili. Kisha akapokea karatasi moja iliyochapwa bila kosa, naye akaja kutusomea darasani bila kutaja mwandishi. Mimi niliinakili, na ninayo hadi leo. Sehemu yake ni hii:

"Nimekaa chumba hiki miaka kumi na mitano. Nimechapa kila somo, kuanzia saikolojia ya mtoto hadi kilimo cha bustani. Mikono yangu imeelimika, mimi bado. Mume wangu ni fundi saa. Mtu akimletea saa, haifungui kwanza. Huuliza: inawahi au inachelewa? Ilianza lini? Iliwahi kuanguka? Nimemuuliza alifundishwa wapi kuuliza hivyo, akasema aliharibu saa tano za watu kabla ya kujifunza. Neno nililolikosea nimelitazama sana. Mtoto akishazoea kuridhika na kila anachopewa, ataridhika hata na uongo, mradi umechapwa vizuri. Basi mimi nadhani elimu ni ya kumfanya mtu asiridhike upesi, na asiogope kusema kwamba hajaridhika. Sijui kama hili linafundishika. Ningependa kujaribu."

Mzee Madhumuni alikunja karatasi akaitia mfukoni mwa shati, na kuanzia wiki ile alibadilika. Kila muhtasari aliotugawia ulikuwa na kosa moja la makusudi, na aliyeligundua na kusimama kuuliza alipewa chaki ya rangi. Bi Rudufu ndiye aliyeyatunga makosa hayo, na alijifurahisha kweli. Kuna wiki Rais wa serikali ya wanachuo alisoma mbele ya mgeni rasmi kwamba mtoto huanza kutembea akiwa na umri wa miaka tisa. Mpaka leo tukikutana tunamuuliza kama wanawe wamesimama.

Ile "ningependa kujaribu" haikuwa maneno ya kupamba karatasi. Mzee Madhumuni alimletea vitabu vya sekondari, akaanza kusoma wakati mashine ikipoa. Alifanya mtihani wa sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwaka mmoja na binti yake wa mwisho. Binti alifaulu vizuri. Mama alifeli hisabati, na kwa siku kadhaa pale nyumbani binti ndiye aliyekuwa akiuliza nani hajamaliza kazi yake ya nyumbani. Akafeli tena mwaka uliofuata. Mumewe akachukua zamu ya jikoni, wanachuo wa hisabati wakajipanga kumfundisha saa za chai, na mara ya tatu akapita. Mlinzi wa getini anasema siku ile Bi Rudufu aliingia chuoni akiwa amebeba viatu mkononi, na alipoulizwa, alisema hakumbuki alivivua wapi.

Kisha yakaja maombi ya kujiunga na chuo. Alikataliwa mara tatu, kila mara kwa sababu ya umri, na barua zote tatu za kukataliwa alizichapa kwa mikono yake. Mara ya nne akakubaliwa. Akiwa na miaka hamsini na saba akawa mwanachuo asubuhi na mpiga chapa alasiri. Wenzake wa darasa walimwita Bibi, wakamwamkia kila asubuhi na kumwibia kalamu kila mchana. Wakati wa mitihani tuliazima mpiga chapa wa chuo jirani, naye Bi Rudufu akafukuzwa chumbani kwake mwenyewe. Aliwahi kukutwa ukumbini akimwelekeza mgeni kwa sauti namna ya kuliegemeza kabati.

Katika mazoezi ya kufundisha, mimi, ambaye sasa ni mkufunzi hapa, nilipangwa kuwa msimamizi wake. Nilikaa nyuma ya darasa la tatu na fomu yangu ya alama. Somo lilikuwa vipimo vya urefu. Alikuwa ameandaa dakika arobaini, na kwa woga akazimaliza kwa dakika kumi na moja. Akasimama. Watoto wakamtazama. Nami nikaandika kwenye fomu: hana mpangilio mzuri wa muda.

Ndipo aliposema: "Watoto wangu, mimi nilichokuja nacho kimekwisha. Ninyi mna nini?"

Msichana mmoja wa dawati la dirishani akauliza: "Mwalimu, nani aliamua mita iwe ndefu hivi?"

"Sijui, mwanangu," alisema. "Swali zuri. Nitakuletea jibu Jumatano."

Nilikuwa na miaka kumi na mitano katika kazi hii, na sikuwahi kulitamka neno hilo mbele ya darasa. Sijui. Niliweka kalamu chini. Jumatano sikupangiwa kwenda, nikaenda. Aliwaeleza kwamba zamani watu walikubaliana kuipima dunia, kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta, mstari unaoizunguka katikati, wakagawanya safari hiyo mara milioni kumi, wakakata mita. Akaongeza kwamba katika kupima walikosea kidogo, na sisi tunatumia mita ile ile. Darasa lililipuka kwa furaha. "Kumbe nao walikosea!" Waliuliza hadi kengele ikalia, na baada ya kengele wakamfuata nje.

Kwenye fomu nilimpa alama hamsini na nane, kwa sababu ya muda. Nilipotaka kuzibadilisha alinikatalia: hamsini na nane ni zake, atazitafutia wenzake. Alihitimu mwaka jana.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu, kamati ilikuwa tayari imetazama makochi. Alishukuru, akasema kwake pa kukaa papo. Kwenye ukumbi wa mtaa ameshaandikisha wanafunzi kumi na saba, watu wazima ambao hawakupata kusoma. Wamo akina mama wauza mboga, seremala mmoja na bibi wa miaka sabini na moja. Wanaanza Jumatatu ya kwanza ya Julai, saa kumi alasiri. Zawadi aliyoomba ni kwamba kila mmoja wetu atoe alasiri moja, aende pale, asimame mbele yao, aulizwe chochote. Orodha iko kwenye ubao wa matangazo. Mkuu wa Chuo ametangulia, mimi ni wa pili, na nakiri kwamba sijui nitaulizwa nini.

Ahsante, Bi Rudufu, kwa kila ukurasa, na kwa barua ile ya onyo uliyoichapa bila kinyongo. Msalimie fundi wako, mwambie tunamshukuru kwa zamu za jikoni. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha, chaki zisizovunjika, na wanafunzi wasumbufu kuliko wote waliowahi kukaa kwenye benchi.