Arabuni Iliyokataliwa

Benchi la kinyozi halikuwa benchi hasa. Lilikuwa mlango wa ofisi iliyobomolewa, umelazwa juu ya matofali, na namba yake ya chuma ilikuwa bado imo, tayari kumchoma mgeni asiyejua anapokaa. Wenyeji wake walikuwa watatu. Kinyozi mwenyewe, asipokuwa na kichwa cha kunyoa. Wakili, ambaye hakuwa wakili hata kidogo; aliwahi kuitwa shahidi mahakamani mara moja, akajibu vizuri, na tangu siku hiyo hajashuka kizimbani. Na Mita, mzee wa miaka sabini na mmoja, aliyefiwa na mke, aliyesoma mita za maji nyumba kwa nyumba miaka thelathini na moja hadi akastaafu. Pembeni alikaa Bi Kahawa na birika lake, akimimina huku akisikiliza yote. Asubuhi hiyo Mita alichelewa, na alipofika hakuagiza kikombe.

— Nataka kununua mbwa, alisema.

Kinyozi aliacha kupuliza mashine yake.

— Wewe? Wewe umeng'atwa mara ngapi kazini?

— Mara tisa. Kumi, tukimhesabu yule aliyenishika suruali tu.

— Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, alisema Wakili. Huyu mwenzetu kaumwa, sasa anataka kupanda nyasi uani.

Mita akatoa simu, akawaonyesha picha: kitoto cha mbwa, masikio yameanguka, shingoni utepe wa buluu.

— Huyu nimempata mtandaoni. Mwenyewe anataka nusu ya bei kabla ya saa sita mchana. Anasema nyuma yangu wapo watu sita. Jana nilituma kidogo, cha kuweka jina.

— Umeshatuma? Kidogo kiasi gani?

— Kidogo, alisema Mita, na kwa namna alivyolisema neno hilo wote wakajua si kidogo. Halafu yupo mama mmoja, nje ya mji, naye anauza vitoto. Huyo nilimpelekea arabuni, pesa ya kutanguliza, mkononi. Akanirudishia.

— Akakurudishia nini?

— Bahasha. Hata hakuifungua.

Hapo benchi zima lilimgeukia. Mtu wa kuchukua pesa walimjua. Mtu wa kurudisha pesa alihitaji mjadala.

— Tueleze tangu mwanzo, alisema Wakili, akikunja mguu. Usiruke kitu.

— Nilifika, akanivua viatu. Akaninawisha kwa dawa mpaka viwikoni, ati vitoto havijachanjwa. Akanionyesha mama yao, amelala nao, ananyonyesha. Akanionyesha kadi ya daktari wa mifugo. Halafu akaanza kuniuliza. Nina uzio? Naishi na nani? Mchana nakuwepo? Hata baba mkwe wangu hakunihoji hivyo.

— Na wewe ulimuuliza nini?

— Bei.

Kinyozi akatikisa kichwa.

— Mimi ningemlipa wa simu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyu ana watu sita kwenye foleni. Huyo mama hana hata mmoja, ndiyo maana ana muda wa maswali.

— Umeigeuza methali kichwa chini, Wakili akamkata. Anayejitembeza ni wa simu! Lakini na huyo mama simwamini. Mfanyabiashara anayekataa pesa si mfanyabiashara. Ni mtu wa kodi. Alisema atakuja kwako?

— Leo. Anataka kuona mbwa atalala wapi.

— Umeona! Leo anaangalia mbwa atalala wapi, kesho ataangalia wewe utalala wapi.

— Hapana, alisema Kinyozi. Huyo anatafuta mume. Anaishi na nani, mchana yupo, uzio upo... Hayo ni maswali ya mbwa?

— Atafute mume kwa vitoto vya mbwa?

— Mbwa hafi maji akiona ufuko.

— Hiyo inahusiana na nini?

— Inahusiana na mbwa.

Wakili aliipuuza. Alikuwa ameshapata wazo kubwa zaidi, na wazo likimshika Wakili hata moto hauliondoi.

— Sikilizeni. Mama huyo anawafundisha mbwa wake mluzi. Anakuja kwako kujifunza njia. Unalipa, unamlea mbwa miezi sita, ananenepa kwa chakula chako. Siku moja anapita barabarani, anapiga mluzi, mbwa huyo anarudi kwao. Mbwa mmoja, wanunuzi arobaini!

— Mnapiga ramli na simu mnazo mikononi, alisema Bi Kahawa. Kwa yule wa nje ya mji, mzee amemwona mama wa vitoto kwa macho. Mpigieni huyo mwenye utepe, awaambie mama wa kitoto chake yuko wapi.

Mita alipiga, akaweka spika. Sauti ikaitika mara moja, changamfu:

— Mkubwa! Umetuma ile nusu?

Wakili akaipokonya simu.

— Tunataka kwanza kumwona mama.

— Mama wa nani?

— Wa mtoto. Wa huyu mbwa.

Sauti ikakohoa.

— Mama yake amesafiri.

— Mbwa amesafiri?

— Kidogo tu. Sasa ndugu zangu, nyinyi mnanunua mtoto au mnanunua mama?

— Basi tuandikie karatasi. Mtoto akifa kabla hatujamchukua, arabuni inarudi au hairudi?

— Arabuni hairudi. Ndiyo maana ikaitwa arabuni.

Simu ikakatika. Walipopiga tena, haikupatikana. Walipopiga mara ya tatu, Mita mwenyewe akasema basi, akaichukua simu yake na kuirudisha mfukoni taratibu. Masikio yalimwaka moto. Maisha yake yote alisoma namba zisizodanganya, na sasa picha ya utepe imemdanganya mchana kweupe. Alingoja wacheke. Hawakucheka. Wakili alikuwa anaangalia viatu vyake.

— Lakini mzee, aliuliza Bi Kahawa, akimmiminia kikombe ambacho hakukiagiza, kwa nini mbwa?

Mita alikizungusha kikombe.

— Njia yangu ya mwisho ya kazi, nyumba ya mwisho kabisa, palikuwa na jike moja jeusi. Lile halikuning'ata. Kila mwezi lilinikuta getini, likanisindikiza mpaka njia panda, likarudi. Wala sikulilipa chochote. Mke wangu nilimhadithia, akacheka, akasema angalau kuna anayefurahi kukuona na kile kitabu chako cha mita. Sasa nikifika nyumbani nasikia friji tu.

Kinyozi akashika mashine, akaipuliza ingawa ilikuwa safi.

Ndipo akaja mwanamke mfupi, amevaa mabuti ya mpira, manyoya ya mbwa yamemganda mikononi mwa sweta. Mita alisimama kabla hajafika.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Nimetoka kwako, mzee wangu. Nimegonga, jirani kaniambia upo benchi. Uzio wako una tundu kona ya nyuma, lizibe. Mengine yote mazuri. Kivuli kipo, maji yapo.

— Mama, Wakili akaingilia kwa sauti ya mahakamani, kwa nini umeikataa arabuni ya mwenzetu?

— Sijaikataa. Sijaipokea bado. Nikishaipokea nimeahidi, na mimi siahidi mbwa kwa mtu ambaye sijaona kwake. Siku nitakayoipokea nitaandika karatasi: mtoto akifa mikononi mwangu, pesa yote inarudi. Mnunuzi akighairi, nusu inabaki kwangu kwa ajili ya maziwa. Kuna ubaya?

Wakili alitafuta ubaya, akaukosa.

— Limebaki swali moja, na si lake peke yake, alisema yule mama. Nyinyi ndio watu wake?

— Sisi! alisema Kinyozi. Miaka kumi na tisa tupo hapa.

— Vizuri. Mbwa akitunzwa anaishi miaka kumi na miwili, wengine kumi na minne. Mzee wangu hapa ana sabini na mmoja. Mungu amzidishie. Ila siku asipoamka, na mbwa yumo ndani naye, nani kati yenu atafungua mlango?

Kinyozi alimwangalia Wakili. Wakili alimwangalia Kinyozi. Bi Kahawa akaliweka birika chini. Miaka kumi na tisa walikuwa wameshatatua vita, bei ya sukari na ndoa za watu; lakini hakuna aliyekuwa na ufunguo wa Mita, na Wakili, kusema kweli, hakuijua hata rangi ya mlango wake.

Mita ndiye aliyejibu.

— Hakuna, mama. Jibu ni kwamba hakuna.

Alishangaa jinsi lilivyotoka kwa wepesi. Mwaka mzima alikuwa analala na swali hilo, akidhani ni la kwake peke yake.

— Asante kwa kusema kweli, alisema yule mama. Wengi hunitajia jina la kwanza linalowajia. Vitoto vitaacha kunyonya baada ya wiki tatu. Jina lako nimeliandika. Mkipata jibu, nipigieni.

Akaondoka. Siku hiyo mjadala haukurudi tena, ijapokuwa kahawa ilibaki nusu birika.

Kesho yake Mita alipitia kwa fundi funguo, akaja na ufunguo mpya, bado una makali. Akauweka kwenye benchi katikati yao. Kinyozi alijikuna kidevu, akakiri kwamba yeye anawaogopa mbwa tangu utoto, na atajifunza polepole. Wakili aliutazama muda mrefu, kisha akauchukua.

— Ufunguo mpya hugoma, alisema. Lazima tuujaribu.

Wakaenda wawili, yeye na Mita. Mita akaingia ndani, akajifungia kama Wakili alivyotaka, akasimama katikati ya sebule. Friji ilinguruma. Kisha akausikia ufunguo ukikwaruza, ukikwama, ukitafuta. Tangu mkewe afariki, mlango ule haukuwahi kufunguliwa na mkono mwingine naye akiwa ndani.

— Uvute mlango kwako kwanza! alipaza sauti. Halafu zungusha!

Mlango ukafunguka. Wakili alisimama kizingitini, kofia mkononi, kama mtu aliyefika nyumba ya watu kwa mara ya kwanza, na kweli ndivyo ilivyokuwa.

— Hodi, alisema, kwa sauti ndogo.

— Karibu. Karibu ndani, ndugu yangu.

Wakili alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa, akaangalia ukutani, akaangalia dirishani. Halafu akaomba namba ya yule mama, akapiga mwenyewe.

— Mama, habari za vitoto? Ni mimi, yule wa maswali. Pale kwa mzee... Ndiyo. Mimi ndiye nitakayefungua.