Mliangalia Nukta, Hamkuangalia Picha

Zimeni hiyo televisheni mvute viti karibu, maana sauti yangu siku hizi haivuki hata kitanda hiki, na sitaki mtu aje kuniambia kesho kwamba hakuyasikia haya. Wewe kifungua mimba wangu, kaa hapa mkono wa kulia, usinisimamie mlangoni kama askari. Binti yangu, acha kunipapasa shingo. Homa ninayo, moyo umechoka, na daktari ameshasema aliyosema. Na wewe kitinda mimba, mlango wa chumba cha nyuma urudishie tu, usiufunge. Aliyemo humo hadukizi maneno ya watu. Anasikiliza kwa haki yake.

Nimekasirika, wanangu. Wapo wanaodhani mgonjwa hana nguvu za kushika kinyongo. Mimi ninazo, na nitazitumia leo zote, halafu nipumzike.

Mnakumbuka mlivyoniletea kamera mpya, mlipoona wateja wamehamia kwenye simu zao na studio nimebaki mimi na vumbi. Kifungua mimba ukakaa pale mezani ukaiunganisha na simu yangu bila waya, ukanieleza polepole kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu: mama, kamera haijui iko wapi, simu ndiyo inayojua, basi simu inaiambia kamera, na kila picha utakayopiga itabeba ndani yake mahali ilipopigwa. Nikafurahi kwelikweli. Maisha yangu yote nimeandika nyuma ya picha kwa kalamu, ilikuwa wapi na nani alikuwepo, na wino umefutika. Nilikubariki siku ile, mwanangu, kwa mdomo huuhuu. Hukuniambia kwamba picha zangu zitakuwa zinaingia kwenye simu yako pia, na kwamba ukitoka kazini utakuwa unafungua ramani kumchungulia mama yako alikopita.

Ungesema. Ungesema tu, "Mama, tunaogopa utaanguka njiani," ningekucheka, na ningekubali. Lakini wewe ulinifunga kengele shingoni kama mbuzi, ukaiita zawadi.

Kisha mkanikalisha kikao kwenye kochi langu mwenyewe. Mkaniwekea simu mbele ya macho, ramani imejaa nukta nyekundu, nyingi zimerundikana mahali pamoja, nyuma ya soko la mitumba, jirani na wachomelea vyuma. "Mama, hapa kuna nani?" Nikasema kuna rafiki yangu. "Rafiki gani unayekwenda kwake kila wiki?" Nikanyamaza, maana nilikuwa nimemwahidi mtu kunyamaza. Ndipo mlipoifungua ile picha yangu, nimekaa ukingoni mwa kitanda nacheka mpaka nimefumba macho, picha imepinda, nusu yake ukuta. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza ni nani aliyemchekesha mama namna ile, mimi ambaye tangu baba yenu afe hamjaniona nikicheka hivyo. Binti yangu, wewe ulishika mdomo ukasema, "Mama, kwa umri huu?" Usilie sasa. Siku ile hukulia.

Mlikuwa na picha tele za mahali pale. Kuta, miguu ya watu, kipande cha mbingu, mlango uliokatika kichwa. Mimi nimewapiga watu picha tangu nikiwa msichana. Mnadhani naweza kupiga picha kama hizo? Mliangalia nukta, hamkuangalia picha. Mngeziangalia mngejua aliyezipiga haoni.

Eeh. Haoni. Nipeni maji kidogo.

Yule mliyeambiwa ni mgeni wangu, aliyelala chumba cha nyuma, ni mke wa baba yenu. Aliolewa kabla yangu. Usiinuke, mwanangu, kaa. Huyo ndiye aliyefungua studio hii pamoja na baba yenu, yeye anapiga na kusafisha picha, baba yenu anapokea wateja na kuvaa tai. Watu walikuwa wanatoka mbali kuja kupigwa picha na yeye. Nyumba hii ilijengwa kwa macho yake. Halafu macho yakaanza kuingia ukungu. Picha zikatoka nyeusi, wateja wakanung'unika, bibi harusi mmoja akazitupa picha zake mlangoni. Baba yenu hakumpeleka kwa daktari. Alimwambia, "Nenda kwenu upumzike, nitakufuata." Hakumpa talaka. Alimpa nauli.

Na hakumfuata. Mimi nilipokuja kujifunza kazi, nikaja nikaolewa, niliambiwa aliyekuwepo aliondoka kwa hiari yake, amechoka ndoa. Shangazi yenu ndiye aliyeniambia, ananitazama machoni, anakula karanga. Alijua. Wote walijua. Shangazi yenu akija msibani mpeni kiti na chai, lakini asishike jeneza langu.

Baba yenu alipokwishazikwa, asubuhi moja akaingia mama mtu mzima na fimbo, anapapasa kaunta kwa vidole, anatabasamu. "Kaunta bado ni ileile," akasema. Nikamuuliza anataka picha ya pasipoti? Akasema, "Hapana, mdogo wangu. Nimesikia bwana amefariki. Nimekuja kutoa pole." Pole! Yeye anipe mimi pole! Nilifunga studio siku ile, tukakaa chini tukazungumza mpaka chakula kikaungua jikoni. Nikamwambia arudi hapa, nyumbani kwake, akakataa. Akanilisha kiapo nisiwaambie nyinyi. "Waache watoto wabaki na baba yao," alisema. Hayo ndiyo maneno ya mtu mliyemwita mwizi.

Basi nikawa nakwenda kwake na kamera. Siku ya kwanza aliishika tu, akaizungusha mikononi, akainusa. Nikamwambia piga. "Nipige nini na sioni?" Piga unachokisikia. Akapiga fundi anayegonga bati, akapiga mtoto anayelia, akanipiga mimi nilipokuwa namsimulia jinsi baba yenu alivyokuwa anakoroma, naye akaniigizia mkoromo wenyewe. Hiyo ndiyo picha ya kitandani. Huyo ndiye mwanaume wangu mliyemdhania.

Tatizo likawa moja: akishapiga, atazijuaje picha zake? Mimi sitakuwa naye kila saa. Ndipo nikaikumbuka kazi ya simu. Nikawasha ile sauti inayowasomea wasioona, nikamgusisha picha mojamoja, na simu ikawa inamtajia mahali: barabara fulani, karibu na kiwanda cha magodoro. Akaruka kwenye kiti. "Ngoja, ngoja, hiyo ni ile ya mvua! Nilikuwa nimesimama kwa fundi cherehani, watu wanakimbia!" Nikaitazama, na kweli watu wanakimbia, maji yanaruka. Alikuwa ameishika picha yake mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu ujana. Tulilia pale, kisha tukaenda kupiga nyingine. Kile kitu ulichokitia kunifuatilia, mwanangu, ndicho kilichomrudishia mwenzangu kazi yake. Ndiyo maana sikukizima. Ningekizima zamani, mimi si mjinga.

Wiki ile ya kikao haikuisha. Nilikuwa nimemwachia kamera na simu. Ramani ikakufikisha mpaka mlangoni, ukausukuma mlango kwa bega, "Yuko wapi?" Akakuuliza, "Nani, mwanangu?" Alikuita mwanangu. Ukaiona kamera shingoni mwake, ukamwita mwizi mbele ya majirani, ukaivuta na ukanda wake mpaka akatoka kwenye kigoda akaangukia mkono. Aliniambia alidhani utampiga, akafunika kamera badala ya uso. Mwenye nyumba hakutaka kesi, akatoa vitu vyake nje. Nilimkuta amekaa juu ya furushi lake, jua kali, anapepewa na mtoto wa jirani. Mara ya pili hiyo mtu wa nyumba hii kumtoa na vitu vyake! Baba, halafu mtoto! Nilimleta hapa kwa gari la mizigo, nikamlaza kwenye chumba alichokuwa akisafishia picha, na tangu siku hiyo moyo wangu haujakaa sawa, na sitasema uongo kukufurahisha.

Na juzi, mkono wake ungali kwenye bandeji, nimekusikia barazani ukimwambia dalali kwamba mgeni ataondoka na nyumba itakuwa tupu. Nilisikia. Mimi ni mgonjwa wa moyo, masikio ni mazima.

Basi kumbukeni. Nyumba hii haiuzwi yeye akiwa hai. Ni yake. Akiondoka duniani ndipo mtaigawana nyinyi watatu, na mwenye haraka atangulie kujenga ya kwake. Mwanasheria ameshakuja, nimeweka dole gumba na sahihi, vyote viwili. Chumba cha mbele, cha studio, nampa binti yangu. Ukitaka kukifanya darasa, kifanye, lakini zile picha ambazo wateja hawakuja kuzichukua, uwatafute wenyewe, usizichome. Kitinda mimba, wewe mwenye miguu isiyotulia, utamtoa kutembea. Kamera ni yake, na simu ni yake, msivitenganishe, maana kamera peke yake haitamwambia kitu. Chaji isiishe. Na akaunti ya kaka yako nimeshaitoa humo, alinisaidia muuza simu wa kona.

Zile picha zilizopinda, asizifute mtu.

Siku ya kunizika, atapiga yeye. Watu wakicheka, wacheke. Hakikisheni simu imewashwa akipiga pale kaburini, mahali paingie kwenye picha, ili akitaka kuja kunisalimia asitegemee hisani ya mtu kumwonyesha. Na asisimame yeyote pale akasema baba yenu hakuwa na doa. Semeni alifanya kazi, semeni aliwasomesha. Yatosha.

Nishike... niinue kidogo. Hapo.

Binti yangu, Mungu akupe watoto watakaokuuliza kabla ya kukuhukumu. Kitinda mimba, upate mtu wa kucheka naye hadi uzeeni. Nimewaridhia wote. Na wewe... geuka nikuone. Nawe nimekubariki, usidhani sikukubariki. Hasira ni yangu, baraka ni yako, chukua. Lakini kwake sina mamlaka ya kukuombea msamaha.

Huyo mama anakujua kwa kelele tu. Hajawahi kusikia ukiongea kama mtu. Nenda ukakae chini, si juu ya kiti, ukamtajie jina lako mwenyewe, umwite mama mkubwa. Usimshike mkono ule wa bandeji.

Mlango uache wazi.

Nenda sasa, baba... ningali nasikia.